Kiwanja kidogo cha mtaani kinamtosha mtoto

Kila Jumapili inapowadia, mzazi wa mjini hujiuliza swali lile lile: leo nimpeleke wapi mtoto? Wenye uwezo hupanga safari. Mtoto huvishwa nguo mpya na viatu vinavyombana, familia hupanda matatu mbili, kisha hulipa kiingilio ili mtoto aruke juu ya puto, apande farasi na apakwe rangi usoni. Kufikia saa tisa alasiri, mtoto wa mwaka mmoja na nusu amelala begani, soda imemwagikia nguo ile mpya, na baba anahesabu kilichobaki mfukoni.

Si kwamba matembezi hayo ni mabaya. Watoto wakubwa huyafurahia na kuyasimulia shuleni muhula mzima. Lakini, mpenzi msomaji, mtoto anayejifunza kutembea hana haja nayo. Farasi humtisha, kelele humchosha, na mara nyingi utamkuta amechutama kando ya foleni akichezea kifuniko cha chupa. Mtoto wa umri huo anahitaji mahali padogo, karibu na nyumbani, anapoweza kwenda leo, kesho na kesho kutwa akayakuta mambo yale yale. Ndiyo maana leo ningependa tuzungumzie kile kiwanja kidogo cha mtaani ambacho wengi wetu hukipita kila jioni tukienda kununua maziwa bila hata kukitupia jicho.

Viwanja hivyo havikuzuka vyenyewe. Mitaa mingi ya Nairobi ilipopangwa, nafasi za watoto zilikumbukwa. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulijengwa nyumba zake zikiwa na nyasi na miti katikati. Buruburu, ulioanza kujengwa mapema miaka ya 1970 na kukamilika kwa awamu tano, ulipangwa kwa makundi ya nyumba yenye nafasi za wazi ambapo mama angeweza kumwona mtoto akiwa dirishani. Miji mingine nayo ina viwanja vyake. Leo vingi vimechakaa. Utakuta bembea yenye viti viwili ambayo kimoja kimekatika mnyororo, matairi makuukuu yaliyozikwa nusu ardhini na kupakwa rangi, mti mmoja wa kivuli na vumbi tele. Usikidharau. Hivyo ndivyo vifaa ambavyo mtoto mdogo anavihitaji.

Kucheza ni kazi yake

Mtazame mtoto wa miezi kumi na minane akifika kwenye ngazi mbili za saruji. Hupanda, hushuka, hupanda tena, labda mara ishirini. Mtu mzima aliyeketi pembeni huanza kupiga miayo na kusema, "Haya, sasa twende kwenye bembea." Mtoto hasikii. Anachofanya pale ni kazi. Anajifunza uzito wa mwili wake, mahali pa kuweka mguu, na jinsi ya kujizuia asipige kidevu. Sakafu laini ya nyumba haiwezi kumfundisha hayo. Ardhi yenye mteremko, kokoto, nyasi na mizizi ya mti humfundisha bila ada.

Watoto wengi huanza kutembea wakiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Wakitimiza miaka miwili huwa wanakimbia na kupiga teke mpira, na karibu na miaka mitatu wengi huweza kuendesha baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Hatua hizo huhitaji nafasi. Mtoto anayelelewa katika chumba kimoja, au katika ghorofa ya nne yenye roshani iliyofungwa vyuma, hupata wapi pa kukimbilia?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Linashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili autumie mwili wake kwa jumla ya angalau saa tatu kila siku, kidogo asubuhi, kidogo mchana na kidogo jioni. Linashauri pia kwamba asifungwe kwenye kigari, kiti au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kuhusu televisheni na simu, mtoto wa mwaka mmoja hapaswi kukalishwa mbele yake hata kidogo, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Wengi wetu tukihesabu saa za mtoto kwa uaminifu tutaona kwamba simu imechukua nafasi ya kiwanja, na haikuomba ruhusa.

Wakati wa kwenda na cha kubeba

Wakati mzuri kwa mtoto mdogo ni asubuhi, baada ya uji na kabla ya saa nne, au alasiri jua linapopungua. Kumbuka kwamba kuanzia saa kumi wanafunzi hutoka shuleni na kiwanja hubadilika. Kuna mpira wa makaratasi, kuna kati, kuna blada, kuna brikicho. Watoto wale hawana nia mbaya, lakini anayekimbia akitazama nyuma hawezi kumwona mtoto anayemfikia magotini. Ikiwa huna wakati mwingine ila huo, chagua pembe moja, keti kati ya mwanao na wachezaji, na uzungumze nao kwa upole. Mwambie mmojawapo, "Wewe ni mkubwa, nisaidie kumwangalia mtoto." Mara nyingi mtoto wa miaka minane akipewa heshima hiyo hugeuka askari kamili.

Si lazima mkae muda mrefu. Nusu saa kila siku inamfaa mtoto mdogo kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi. Mzazi anayefanya kazi hadi Jumamosi adhuhuri anaweza kuanza na Jumapili asubuhi na jioni mbili za katikati ya juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Beba maji ya kunywa, kitambaa kilicholowa, nguo ya kubadilisha na leso kuukuu ya kukalia. Mvishe mtoto nguo ambayo ikichafuka hutamgombeza. Nguo ya kanisani iache nyumbani. Kumpeleka mtoto kwenye vumbi na kumkataza vumbi ni kumtesa. Kofia ni muhimu kukiwa na jua, lakini mvue sweta yenye kamba shingoni, mkufu na kitambaa cha shingo, kwa sababu vikinaswa kwenye bembea au chuma vinaweza kumnyonga. Kwa chakula, ndizi yatosha. Usimpe njugu, bisi wala peremende ngumu, hasa anapokimbia, kwa kuwa humkwama kooni kwa urahisi. Na akila, aketi.

Kagua kwanza

Kabla hujamwachilia mkono, kizunguke kiwanja mara moja. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Tafuta vipande vya chupa, misumari, nyaya, sindano zilizotupwa na kinyesi cha mbwa. Chungulia ndani ya matairi. Mvua ikinyesha, maji hutuama humo na mbu huzaliana. Shika mnyororo wa bembea uutikise, na utazame kama ndoano ya juu haijalika ikabakia nyembamba. Weka kiganja chako juu ya chuma. Mteremko wa bati ambao watoto huuita slaidi, ukipigwa na jua la mchana, huweza kuichoma ngozi ya mtoto kabla hata hajalia.

Jihadhari pia na nafasi kati ya vyuma. Nafasi yenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23 ni hatari, kwa kuwa mwili wa mtoto huweza kupenya na kichwa kikakwama. Ukiona ngazi yenye nafasi kama hizo, simama hapo hapo au mpeleke kwingine.

Kisha tazama ardhi iliyo chini ya vifaa. Udongo mkavu uliokanyagwa miaka kumi ni mgumu kama saruji. Katika nchi ambazo huweka kanuni za viwanja vya watoto, kama Marekani, hushauriwa kwamba chini ya bembea na vifaa vya kupandia kuwekwe mchanga au vipande vidogo vya mbao kwa kina cha kama sentimita 30. Kwetu mtaani ni nadra kuukuta mchanga huo, kwa hivyo usimruhusu mtoto wako mdogo kupanda zaidi ya mahali unapoweza kumdaka.

Hapo tunafika kwenye kosa ambalo wazazi wema hulifanya kwa mapenzi. Mtoto huogopa kuteleza peke yake, basi mama au baba humpakata na kuteleza naye. Madaktari wa watoto na wa mifupa wameonya mara nyingi kuhusu jambo hilo. Kiatu cha mtoto hugusa ukingo na kukwama. Mtoto angekuwa peke yake angesimama. Lakini uzito wa mtu mzima humsukuma mbele, mguu hujipinda na mfupa hukatika. Wanaoumia hivyo huwa hasa watoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili. Ikiwa mtoto ni mdogo mno kuteleza peke yake, mweke chini kabisa, karibu na mwisho wa mteremko, umshike kwa pembeni. Ikiwa bado anaogopa, siku yake haijafika.

Bembea nayo huweza kumuumiza hata anayepita, si anayebembea peke yake. Mtoto mdogo hajui kwamba kiti kilichoondoka kitarudi. Mfundishe kila siku, kwa maneno yale yale, kupita mbali kwa nyuma ya nguzo, na usidhani kwamba ameshaelewa kwa sababu ameitikia.

Akianguka, usikimbilie kupiga mayowe. Mwangalie uso kwanza. Aghalabu mtoto humtazama mama yake ili ajue kama kilichotokea ni cha kulilia. Mfute vumbi, mwambie pole, na umwache arudi. Lakini akipiga kichwa kisha akazimia hata kwa sekunde chache, akatapika, akalegea au akawa na usingizi usio wa kawaida, mpeleke hospitalini mara moja bila kungoja asubuhi.

Mwenye kumtazama ni nani?

Katika nyumba nyingi anayempeleka mtoto kiwanjani ni yaya, na lawama zote humwangukia yeye. Tumesikia ikisemwa kwamba mayaya huketi kwenye kivuli wakipiga gumzo huku watoto wakila mchanga. Wapo wafanyao hivyo. Lakini tujiulize: msichana aliyeamka saa kumi na moja, akafua, akapika na kupiga deki, ukimwambia atoke na mtoto alasiri, huoni kwamba kile kiwanja ndicho kiti chake cha kwanza tangu alfajiri? Ukitaka amtazame mtoto vizuri, mpunguzie kazi nyingine siku hiyo. Nenda naye mara mbili tatu umwonyeshe unachotaka: asimame umbali wa mkono mmoja, simu iwe mfukoni, mtoto asiteleze akiwa amepakatwa. Akishaonyeshwa kwa heshima, mara nyingi atafanya kwa heshima.

Na baba je? Wapo akina baba wanaoamini kwamba kusimama kando ya bembea ni kazi ya wanawake, na kwamba jirani akiwaona atasema wamekaliwa. Baba, huyo jirani hatakulelea mtoto. Mtoto wa miaka miwili huona fahari kubwa kutembea barabarani ameshika kidole cha babake. Nusu saa yako Jumapili kabla ya mpira wa televisheni itamfaidi yeye, na itampa mama yake nafasi ya kunywa chai ikiwa bado moto.

Mtoto wa mwenzio

Ugomvi mkubwa wa kiwanjani si wa watoto bali ni wa mama zao. Mtoto mmoja humnyang'anya mwenzake gari la plastiki, mwingine hulipiza kwa meno, na ghafla watu wazima wawili hawasalimiani tena kwenye ngazi za nyumba.

Tukumbuke jambo moja. Mtoto wa miaka miwili hajui kugawana. Si mchoyo wala hakukosa malezi. Akili yake haijafika huko. Mwaka 1932, mtafiti wa Marekani aitwaye Mildred Parten alichapisha uchunguzi wake kuhusu watoto wa shule ya chekechea, akaonyesha kwamba walio wadogo hucheza kando kando, kila mmoja na lake, na kwamba kucheza pamoja kwa kushirikiana huja polepole kadiri wanavyokua. Kwa hivyo ukiwaona wawili wameketi mchangani wamepeana migongo, usiwalazimishe kuwa marafiki. Kwa umri wao, huo ndio urafiki.

Mtoto wako akimpiga mwenzake, mshike mkono, mwambie kwa sauti ya chini, "Hapana, inauma," umwondoe kidogo. Kumchapa ili kumfundisha kutopiga ni kumchanganya. Kisha mgeukie mama mwenzako mbele ya mtoto. "Pole, mama. Ameumia wapi?" Maneno hayo hayapunguzi heshima yako. Na ukiwa wewe ndiwe mama wa aliyeumizwa, kujibu "Haidhuru, ni watoto" kutakuokoa na uhasama wa mwaka mzima. Usimkaripie mtoto wa mwenzio kabla ya kumtafuta aliyekuja naye.

Vilevile, utamwona siku moja mzazi aliyekuja na mtoto mwenye ulemavu akisimama nje kidogo, kana kwamba anangoja ruhusa. Msogelee umpe nafasi kwenye leso yako. Mtoto asiyeweza kutembea anaweza kukalishwa mchangani akautia kwenye kikombe na kuumwaga, na furaha yake ni ile ile ya wenzake.

Kuhusu uchafu, wengi huogopa minyoo, na hofu hiyo ina msingi. Mchanga unaochezewa na mbwa na paka si safi. Lakini dawa si kumfungia mtoto ndani. Mvishe viatu, mkate kucha, na mfikapo nyumbani jambo la kwanza liwe mikono kwa maji na sabuni, yako na yake. Aidha, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo kliniki kila baada ya miezi sita, pamoja na vitamini A. Shughuli hiyo hupewa msukumo wakati wa juma la Malezi Bora, mwezi Mei na Novemba. Tazama kijitabu chake cha kliniki uone mara ya mwisho ilikuwa lini.

Saa ya kurudi nyumbani nayo huleta vilio. Mtoto mdogo hajui saa, lakini anajua mpango. Mwambie, "Utateleza mara mbili, halafu tuage bembea, tuende tukale." Ateleze mara mbili, muage bembea kweli, kisha muondoke hata akilia. Ukisema mara mbili ukamwachia mara kumi, kesho neno lako halitakuwa na bei.

Kiwanja kipi?

Sasa, msomaji, tugeukie jambo zito. Kiswahili chetu kina neno moja, kiwanja, kwa mahali pa kuchezea na kwa mahali pa kujenga nyumba. Maana hizo mbili ndizo zinazogombana katika mitaa yetu.

Kiwanja cha watoto hakipotei kwa siku moja. Kwanza bembea huvunjika na hakuna anayeitengeneza. Watoto hupungua. Mtu hutupa mfuko wa takataka, wa pili hufuata, na baada ya miezi michache hapo ni jaa. Kisha magari huanza kuegeshwa usiku. Halafu asubuhi moja wakazi huamka wakute mabati yamezungushwa, lori la mawe limeshusha, na kijana mlangoni anasema ploti ina mwenyewe. Wakazi huuliza, "Kwani hapa si pa watoto?" Naye huwauliza, "Watoto gani?" Akitazama nyuma yake, kwa kweli haoni hata mmoja.

Historia yetu imejaa mifano hiyo, na si yote ya kushindwa. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, akatukanwa hadharani, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga katika bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa A. M. Jeevanjee kwa watu wa Nairobi mwaka 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na hadi leo watu huketi pale kwenye nyasi. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Na mnamo Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipoandamana kupinga ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa kuchezea. Picha zao zilisambaa ulimwenguni, na uwanja ukarudishwa kwa shule.

Sheria iko upande wa mtoto. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinatambua haki yake ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inaitambua haki hiyo. Tangu mwaka 2024, tarehe 11 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto. Lakini sheria haiwezi kusimama kiwanjani saa tatu asubuhi kuangalia nani ameleta mabati. Anayeweza kufanya hivyo ni mama mwenye leso na mtoto.

Kwa hivyo mwanzo wa ulinzi ni kutumia. Kiwanja chenye watoto kila siku kina macho mengi. Pili, wakazi waulize mapema, katika ofisi ya ardhi na ya kaunti, kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani na kwa matumizi gani, wakaweke nakala ya karatasi hizo kwa watu zaidi ya mmoja. Ni rahisi zaidi kuuliza kabla ya mabati kuliko baadaye. Tatu, wapige picha za kiwanja kikiwa na watoto, zenye tarehe. Nne, wachange. Mnyororo wa bembea, mkebe wa rangi au mchanga kidogo si mzigo mkubwa ukigawanywa kwa nyumba thelathini, na fundi wa vyuma mtaani hakosekani. Jumamosi moja ya kuokota takataka kila mwezi itafanya kazi iliyobaki.

Mwenyekiti wenu wa wakazi akisema hakuna anayejali, mwalike kiwanjani saa tatu asubuhi awakute watoto sita mchangani na mama zao. Hilo litamfanya awaandikie wahusika barua kuliko mkutano wowote.

Ikiwa hujawahi kuingia katika kiwanja cha mtaani mwako, nenda leo jioni jua likipungua. Usingoje kitengenezwe. Mshike mtoto mkono, kagua vyuma, ondoa vipande vya chupa, kisha mwache apande tairi. Akimaliza, kuna uwezekano mkubwa atataka kulipanda tena. Mpe nafasi, na wewe umngojee hapo karibu.

Tukutane Jumapili ijayo.